Mboga iliyofunzwa ukame
Kunde za Mbooni, watafiti wa Katumani na mbegu za kibuyuni

Ukipata nafasi wiki hii, msomaji mpendwa, ingia katika agroveti yoyote, iwe ni jijini Nairobi au kule Wote, usimame mbele ya rafu ya mbegu za mboga na kuyasoma majina yaliyoandikwa kwenye pakiti. Usiharakishe. Kabichi inaitwa Copenhagen Market. Sukuma wiki, hiyo hiyo tunayoila tangu Jumatatu hadi Jumapili na kuiita chakula chetu, mojawapo ya aina zake huitwa Georgia. Pilipili hoho ni California Wonder, karoti ni Nantes, nyanya ni Rio Grande na kitunguu ni Red Creole. Kwa muda wa dakika tano utakuwa umezuru Denmark, Ufaransa na Marekani bila kuitoa pasipoti mfukoni.

Majina hayo hayakubandikwa kwa urembo tu. Aghalabu hutaja mahali mboga ilikolelewa au soko lililokuwa likiisubiri. Copenhagen Market ilitolewa na wauza mbegu wa Denmark mwanzoni mwa karne ya 20. Georgia ni jimbo la kusini mwa Marekani, ambako majani ya aina hiyo yangali chakula cha kila siku katika nyumba nyingi, hasa za Wamarekani weusi. Nayo nyanya ya Money Maker, ambayo wakulima wetu waliipanda kwa miaka na mikaka, ilizaliwa Uingereza kwa ajili ya nyumba za vioo, mahali ambapo upepo wa joto hauingii na maji hayakatiki.

Hakuna ubaya wowote katika kula kabichi ya Denmark. Imetulisha. Lakini hebu tufikirie jinsi aina ya mmea inavyopatikana. Mtu hupanda mimea mingi, huitazama msimu mzima, kisha huichagua ile iliyofanya vyema na kuitunza mbegu yake. Msimu ujao hufanya vivyo hivyo, na msimu mwingine tena. Baada ya misimu mingi mmea huo unakuwa umezoea udongo ule, mvua ile, wadudu wale na mlaji yule. Kabichi iliyochaguliwa katika ubaridi na manyunyu ya Ulaya haijawahi kuulizwa swali hata moja kuhusu ukame. Ukiileta mahali ambapo mvua hukatika katikati ya Desemba na isionekane tena hadi Machi, ndiyo mara yake ya kwanza kufanya mtihani huo, na mara nyingi hufeli.

Mahali pa namna hiyo papo, tena si mbali na jiji. Panaitwa Mbooni.

KILIMA NA BONDE

Mbooni, katika kaunti ya Makueni, ni kama nchi mbili zilizopewa jina moja. Kuna Mbooni ya juu, ile ya Kikima na vilima vinavyopita mita 1,800, ambako kuna baridi, ukungu wa asubuhi, kahawa, maparachichi na hizo hizo sukuma na kabichi tulizozitaja. Kisha barabara huanza kuteremka kuelekea mashariki, hewa inazidi kuwa nzito, miti inafupika na kuota miiba, na ukifika Kalawa, karibu na Mto Athi unaotenganisha Makueni na Kitui, umo katika nchi ya ndengu, kunde, mbaazi na mbuzi. Huo ni mwendo wa siku moja tu kwa mtu mwenye miguu mizuri, lakini mbegu inayostawi Kikima haifai kitu Kalawa.

Wenyeji husema jina la Mbooni linatokana na nyati waliojaa huko zamani. Katika masimulizi ya Wakamba, vilima hivi ndiko mababu walikokaa kabla ya kutawanyika, na wanahistoria huanza kuihesabu hadithi hiyo tangu karne ya 17. Wengine waliteremka, wakavuka Athi na kuingia Kitui. Sidhani kama walihama mikono mitupu. Mtu anayehama na watoto hubeba mbegu, na mbegu zilizotoka kilimani kwenye mvua zilipofika chini kwenye jua, naona hapo ndipo mtihani wa kwanza ulipofanyika. Hakukuwa na maabara wala daftari. Kulikuwa na mama wa nyumba aliyetazama ni mche upi uliobaki kijani baada ya mingine kukauka, akauchuma mbegu na kuiweka kando.

Watu wa vilima hivi wana sifa nyingine ambayo haina budi kutajwa. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilikuwa ikiangamia kwa mmomonyoko wa udongo. Mnamo 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kinyume cha utabiri huo: watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko awali. Siri ilikuwa matuta, yaliyochimbwa na wenyewe, aghalabu kwa vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya. Aina moja ya matuta hayo, ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, huitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote. Kwa hivyo mkulima wa huku si mtu wa kungojea afundishwe kila kitu.

Hata hivyo, tuta haliwezi kuleta mvua. Ukambani una misimu miwili, na wakulima huitumainia zaidi ile ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, kuliko ya Machi hadi Mei. Vuli ikikosa, mwaka mzima umeharibika. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ilikuwa haba katika sehemu kavu za Kenya, na Kitui na Makueni hazikusazwa.

NYANYA WA KALAWA

Tuseme nyanya yako anaishi Kalawa. (Namaanisha nyanya mzaa mama, si ile ya Rio Grande.) Mvua imenyesha mwezi wa Novemba kwa wiki nne, kisha mbingu zikafunga. Mahindi yake yamefika magotini na yameanza kujikunja. Hayatatoa hata gunzi. Lakini kati ya mistari ya mahindi alipanda kunde, na kunde huanza kuchumwa majani wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Basi mvua ile ile isiyotosha kuleta punje moja ya mahindi imempa sufuria ya mboga, na akichuma kwa adabu ataendelea kuchuma kwa majuma kadhaa.

Hiyo ndiyo tofauti ya kunde na mboga nyingine za bustani. Asili yake ni Afrika, na Wakamba huiita nthooko. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta unyevu. Vifundo vidogo vilivyo mizizini huhifadhi vijidudu vinavyoivuta naitrojeni kutoka hewani, hivyo mmea hujipatia sehemu ya mbolea yake wenyewe. Majani yake yana madini ya chuma na protini kwa wingi, na yale mabichi yana ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini. Na mvua ikirudi, kuna maganda na punje za kuchemsha pamoja na muthokoi.

Lakini kuna mvutano ambao mlaji wa jijini haujui. Jani ndilo linaloutengenezea mmea chakula. Ukilichuma sana, punje zinapungua. Ukiliacha, watoto wanakosa mboga leo ili wapate kunde baada ya miezi miwili. Kila jioni mwenye shamba huamua upya. Kunde ya kusimama wima yenye kukomaa haraka humpa punje lakini majani kidogo. Kunde ya kutambaa humpa majani kwa muda mrefu, ila punje hukawia, na ukame unaweza kuwahi kuziua. Kwa karne nyingi wakulima walipanda zote mbili, mbegu zikiwa zimechanganyika kibuyuni pamoja na majivu ya kuzuia wadudu, wakimwachia Mungu na mvua zichague.

WATU WA KATUMANI

Kituo cha utafiti cha Katumani kiko kando ya barabara itokayo mjini Machakos kwenda Wote. Wasomaji wa makamo watalikumbuka jina hilo kwa sababu ya mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kituo hiki kilitoa mahindi ya Katumani, mafupi, yenye mhindi mdogo, ambayo mtu wa Kitale angeyacheka. Lakini yalikomaa mapema, kabla jua halijamaliza maji yaliyomo udongoni. Wazo lilikuwa rahisi na la busara: usimfundishe mmea kupigana na ukame, mfundishe kuondoka kabla haujafika. Wakulima nao hawakuyapokea mahindi hayo kama msahafu. Waliyapanda kando ya mahindi yao ya kienyeji, yakachavushana, na ule mchanganyiko ukawa mbegu yao.

Kazi ya kunde ilifuata mkondo uo huo. Shirika la utafiti wa kilimo, KARI, ambalo sheria ya mwaka wa 2013 iliunganisha na mengine kuwa KALRO, lilitoa kupitia Katumani kunde zilizoitwa K80 na M66, yaani Katumani 80 na Machakos 66. Ziliingia katika orodha rasmi ya mbegu karibu na mwaka wa 2000. Majina si ya kupendeza, yanafanana na namba za matatu, lakini angalia: hakuna Copenhagen hapo. Na kilichozitofautisha ni kwamba zilikusudiwa kuufanyia kazi ule mvutano wa nyanya wa Kalawa. Zilichaguliwa kwa ajili ya majani na punje pamoja, na zikomae ndani ya miezi mitatu hivi.

Je, kunde mpya hutengenezwaje? Wanafunzi mnaosoma biolojia sikilizeni vizuri, kwa maana kazi hii ni ya subira kuliko ya mitambo.

Ua la kunde hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na siku hiyo hiyo hunyauka. Zaidi ya hayo, ua hilo hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla hata halijafunguka. Kwa hivyo mtafiti anayetaka kuoza kunde mbili hana budi kuwahi. Jioni ya kuamkia siku hiyo hulitafuta chipukizi la ua lililonona lakini halijafunguka, hulipasua taratibu kwa kibanio, na kuondoa stameni zote 10 bila kuugusa unyanya ulio katikati. Akisahau moja tu, kazi ni bure. Asubuhi huja na ua la baba, ambalo limefunguka, na kuipaka chavua yake kwenye ua la mama. Kisha hufunga kijikaratasi chenye majina ya wazazi na kungoja. Maua mengi huanguka. Lile lisiloanguka hutoa ganda moja lenye punje chache.

Punje hizo zikipandwa, mimea yake yote hufanana. Ni wajukuu ndio wenye vituko. Mmoja ni mfupi, mwingine mrefu, huyu ana majani mapana lakini hupukutika, yule ni mkavu kama babu yake. Hapo ndipo kuchagua kunapoanza, na kunahitaji vizazi sita au saba kabla watoto hawajaacha kutofautiana na wazazi. Ukihesabu misimu miwili kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu au zaidi ukiwa na bahati na mvua. Ndiyo maana watafiti hukitumia pia kituo cha Kiboko, kilichoko huko huko Makueni kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kiboko ni kukavu, ila kuna maji ya kunyunyizia. Mtafiti anaweza kuyafungulia akitaka msimu wa ziada, na kuyafunga kwa makusudi akitaka kuona ni mmea upi utakaozimia kwanza. Kwa kweli sijui mahali pengine ambapo kiu hupimwa kwa uangalifu namna hiyo.

Baadaye kuna majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, shirika lililoanzishwa mnamo 1996, na mmea lazima uonyeshe kwamba ni tofauti na zilizotangulia, kwamba haubadiliki-badiliki na kwamba una manufaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kunde hizo zilichavushwa anaweza kuwa katikati ya shule ya msingi siku mbegu inapotangazwa rasmi.

KWEKWE LILILOWAUMBUA WENGI

Sasa tufike kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinaeleza jambo hili kuliko takwimu zozote.

Katika mashamba ya Kitui, Makueni na Mbeere kuna gugu lenye maua ya manjano, jamaa wa kiduha, yule adui wa mahindi na mtama. Wataalamu huliita Alectra. Halina hamu ya kujitafutia chakula. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, hukaa udongoni miaka mingi ikisubiri. Mzizi wa kunde ukipita karibu, huamka, hujishikiza mzizini na kunyonya. Mkulima hugundua kunde zake zimedumaa na kuwa za manjano, na gugu linapotokeza juu ya ardhi madhara yamekwisha kutendeka. Kulipalilia wakati huo ni sawa na kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshaibwa.

Watafiti walipoupima ugonjwa huo, ilibainika kwamba kunde zilizotolewa rasmi, K80 na M66 zikiwamo, hushambuliwa na gugu hili. Hizo zilikuwa zimechaguliwa kwa ajili ya ukame, wadudu na mavuno. Swali la Alectra halikuwa limepewa uzito. Basi kinga ilitafutwa wapi? Katika mbegu zilizokusanywa kutoka mashambani mwa wakulima. Miongoni mwa kunde hizo za kienyeji, zenye punje zisizolingana na zisizo na jina kwenye pakiti yoyote, zilipatikana chache zilizoweza kulihimili gugu, nazo zikachukuliwa ziwe wazazi na kuozwa na zile zilizoboreshwa.

Fikiria hilo kidogo. Kitu ambacho kituo kizima cha serikali kilikuwa kikikihitaji kilikuwa ndani ya kibuyu cha mtu. Angekuwa ameyatupa yale ya zamani siku aliponunua pakiti mpya, kingetafutwa wapi? Ni kweli kwamba Kenya ina benki ya mbegu huko Muguga, iliyoanzishwa mnamo 1988, ambako mbegu huhifadhiwa katika baridi kali. Hiyo ni kazi kubwa na ya maana. Lakini mbegu iliyogandishwa hubaki jinsi ilivyokuwa siku ya kugandishwa, ilhali ile ya shambani huendelea kukutana na gugu jipya na jua jipya kila msimu. Tunazihitaji zote mbili.

ARUSHA NA JUJA

Mbooni haiko peke yake. Ng'ambo ya mpaka, huko Tengeru karibu na Arusha, Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao yake makuu Taiwan, kilifungua ofisi yake ya Afrika mnamo 1992. Mwaka wa 1997 wakulima wa Tanzania walipata nyanya mbili zilizotokana na kazi hiyo, Tanya na Tengeru 97. Ganda lake lilikuwa gumu kidogo ili zisipondeke kwenye tenga njiani kwenda sokoni, jambo ambalo mlimaji wa nyumba ya vioo ya Uingereza hakuwa na haja ya kulifikiria. Baadaye zikafuata mboga za kienyeji: mchicha ulioitwa Madiira, mnavu ulioitwa Nduruma, na nyanya chungu iliyoitwa Tengeru White. Hayo yote ni majina ya vijiji na vitongoji vya Arusha. Pakiti zimeanza kuzungumza lugha nyingine.

Wafanyabiashara nao waliliona hilo. Mholanzi Simon Groot, aliyetoka katika ukoo wa wauza mbegu, alikwenda Ufilipino mnamo 1982 na kuanzisha kampuni ya East-West Seed kwa imani kwamba mboga za nchi za joto ni lazima zizalishwe katika nchi za joto, kando ya wakulima wadogo. Mnamo 2019 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo.

Hapa kwetu, jina lisiloweza kurukwa ni la Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja. Alizaliwa mnamo 1959 magharibi mwa Kenya, na alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, hivyo akakuzwa kwa mboga za kienyeji alizopikiwa nyumbani. Alipofika chuo kikuu alishangaa kuona mboga hizo zikihesabiwa kuwa magugu. Amezitafiti kwa miongo kadhaa, tangu ubora wa mbegu hadi mapishi, na mnamo 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya Kwame Nkrumah ya wanasayansi wanawake. Mnaonunua managu, terere na saga katika maduka makubwa ya jiji, kumbukeni kwamba miaka 30 iliyopita mngevitafuta huko mkavikosa. Vilikuwa chakula cha maskini, na mtu hakukiweka mezani mbele ya mgeni.

Mbona basi kunde hazina kampuni kubwa za kuzigombania kama kabichi? Jibu liko katika lile ua linalojichavusha. Mkulima akinunua mbegu chotara ya kabichi, ile tuiitayo haibridi, hawezi kuitunza. Itabidi arudi dukani kila msimu. Akinunua kunde mara moja, watoto wake watafanana na wazazi, na anaweza kupanda miaka mingi na kumgawia jirani. Kwa nyanya wa Kalawa hiyo ni neema. Kwa muuza mbegu ni mteja aliyepotea. Ndiyo maana kazi ya kunde imebaki mikononi mwa vituo vya umma, vyenye bajeti za kupanda na kushuka, na mbegu nyingi za kunde zinazopandwa nchini hutoka ghalani mwa mkulima mwenyewe, kwa jirani au kwenye gunia la sokoni.

KUGAWA MBEGU KULIPOKUWA KOSA

Na hapa ndipo palipokuwa na mwiba. Sheria ya Kenya kuhusu mbegu, baada ya marekebisho ya mwaka wa 2012, ilimfanya mtu anayeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa wala kuthibitishwa kuwa mkosaji, na adhabu iliweza kufikia kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 1. Kwa maneno mengine, yule mama aliyempimia jirani yake kikombe cha kunde mwezi wa Oktoba alikuwa akicheza na jela.

Tuwe wa haki: sheria haikutungwa kwa chuki. Mbegu bandia ni balaa. Mkulima anayekopa pesa, akanunua pakiti iliyojazwa nafaka zilizopakwa rangi, hupoteza msimu mzima, na hakuna anayeweza kumrudishia mvua. Anayeuza pakiti kama hizo anastahili kushikwa. Kosa, nionavyo mimi, lilikuwa kuuweka wizi huo na ukarimu wa jirani katika kapu moja.

Mnamo 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kuhifadhi, kubadilishana na kuuziana mbegu zao za kienyeji vilikuwa kinyume cha Katiba. Habari hiyo haikupewa nafasi kubwa ikilinganishwa na za wanasiasa, lakini katika nchi ambako kinga ya gugu ilipatikana kibuyuni, ni vigumu kuona kesi ya kilimo iliyokuwa na uzito kuliko hiyo.

KUNDE JIJINI

Mama mpishi, au baba mpishi, maana siku hizi wapo, ukinunua majani ya kunde sokoni chagua machanga yanayovunjika kwa urahisi. Usitie magadi kuyalainisha kama wengi wafanyavyo. Magadi huharibu vitamini unazozilipia. Yakatekate, yachemshe kwa maji kidogo kwa muda mfupi, kisha uyakaange kwa kitunguu na nyanya. Karanga zilizosagwa au maziwa ya mtindi huyapa ladha nzuri zaidi, na mafuta ya kukaangia husaidia mwili kuipokea vitamini A. Majani yanayobaki yanaweza kupitishwa katika maji moto na kuanikwa kivulini, yakatunzwa kwa ajili ya siku za kiangazi.

Wenye nafasi finyu wanaweza kupanda kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi, mradi lipate jua. Chomeka punje kina cha kiungo kimoja cha kidole, mbili mbili, na unyunyize maji. Anza kuchuma wiki ya nne, ukichukua majani machache kwa kila mche na kuliacha lile la kileleni. Tazama upande wa chini wa majani, kwa kuwa vidukari weusi hujificha hapo. Wakianza, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Mche mmoja au miwili usiichume kabisa. Iache itoe maua, maganda yake yakaukie pale pale, kisha pukuchua punje, ziondoe zilizotobolewa na uziweke katika chupa kavu iliyofungwa vizuri, uandike tarehe. Zitakuwa tayari kwa Oktoba.